Mfuko wa Kalamu

Sare ndizo zilizomfundisha. Kila muhula ulipoanza, wanafunzi wa chuo cha afya walijaa kwenye duka la ushonaji la mama yake, naye binti, huku akiwapima mabega na viuno, aliwadadisi mpaka wakachoka. Gauni la samawati ni la muuguzi, kijani ni la maabara, koti jeupe fupi ni la famasi. Kijana mmoja wa maabara, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari ingawa hata mwaka wa kwanza hajaumaliza, alimweleza kwa kirefu: stashahada ya uuguzi ni miaka mitatu, wanataka ufaulu wa biolojia na kemia, na wodini unaingizwa mapema, kwa hiyo mwenye roho nyepesi hujulikana mapema.

“Kemia ulifaulu?”

“Nilifaulu.”

“Sasa unangoja nini, dada, uzi uishe?”

Alikuwa akimngoja mama. Baba alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume. Maradhi aliyoyapata kazini ndiyo yaliyomwondoa duniani. Tangu hapo mama alizishona sare za watoto wa watu bila neno, lakini binti akigusia chuo, alikanyaga cherehani mpaka maneno yakamezwa na kelele. Na maombi yalikuwa yanafungwa Jumatatu.

Ijumaa mama alitoka kununua vifungo. Binti akatungua gauni moja la samawati, akalivaa, akasimama mbele ya kioo. Mkono ulikwenda wenyewe kifuani kutafuta mfuko. Baba alizoea kulalamika kwamba kila akiinama, kalamu zinawaangukia wagonjwa, mpaka mama akamshonea mfuko wa peke yake, mrefu, uliogawanywa kwa mshono katikati. Huu ulikuwa mfupi. Vidole vilifika mwisho wake upesi mno.

Alipogeuka, mama alikuwa mlangoni, vifungo mkononi.

“Vua. Lina mwenyewe hilo.”

Alilivua, akavaa nguo zake, akalikunja lile gauni taratibu. Akasema, macho chini, kwamba maombi yanafungwa Jumatatu, na kwamba akishika sare hizi anakuwa karibu na baba kuliko akienda kaburini. Kisha akangoja cherehani ingurume.

Haikunguruma. Mama aliketi, akalaza kiganja juu ya kitambaa cha samawati.

“Wodi ile ilinichukulia mtu,” alisema.

“Najua, mama.”

“Hujui. Mpaka leo nikisikia geti, naweka maji ya kuoga.”

Mama alinyanyuka, akavua futi shingoni.

“Geuka. Simama wima.”

Alimpima mabega, na mkono ukabaki pale, mzito.

“Mfuko nitaurefusha,” alisema nyuma yake. “Na barakoa uvae, hata wakikucheka.”

Kipimo hakukiandika. Mabega hayo alikwisha kuyashonea miaka mingi.