Saa ya Nyuki

Raimundi wa Ukata alikuwa na somo lake moja, na somo hilo alilihubiri hadi watu wakamchoka. Nyuki ana saa mwilini mwake, alisema. Kahawa ikichanua, maua hufunguka alfajiri, na nyuki analijua hilo. Asubuhi yote yuko kazini, jioni amesharudi mzingani. Mwenye haja ya kupulizia dawa basi angoje saa kumi na mbili jioni. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, na aliwathibitishia wakaona kwa macho yao. Kwa wiki nzima aliweka kisahani cha maji ya sukari uani kwa shemeji yake Getrude, mwenye mizinga, kila saa nne asubuhi. Siku ya nane akakiweka kitupu, na nyuki wakaja saa nne ileile. Watu wakashika midomo.

Sasa sikia alichofanya mtu huyohuyo. Jumamosi moja ya Novemba, kahawa ikiwa nyeupe pe, alikuta kunguni wa kahawa, wale wadudu wanaofyonza matunda, kwenye mikahawa yake ya juu. Jioni ile kulikuwa na sherehe ya kipaimara ya mjukuu wake kule Kigonsera, na gari lilikuwa linaondoka saa tisa alasiri. Angeweza kungoja hadi Jumatatu. Hakungoja, mzee wa watu! Saa tatu asubuhi, majirani wakiwa gulioni, alijitwika bomba lake mgongoni, akajiambia ni mistari miwili tu, nani atajua. Nyuki walikuwa wanavuma kila tawi. Aliwasikia vizuri kabisa, akaendelea kupulizia.

Aliporudi Jumapili, mizinga yote minne ya Getrude ilikuwa imekwisha. Getrude ni mjane wa mdogo wake Raimundi, na mizinga ile aliichonga marehemu kwa mikono yake. Alimkuta amepiga magoti anazoa nyuki wafu kwa ungo. Halii, anazoa tu. Raimundi akampa pole. Getrude akasema hana shaka, ni Clemence, kijana wa shamba la pili, maana ndiye aliyeazima bomba la kikundi Jumamosi, na papara zake kila mtu anazijua. Raimundi akainama kumsaidia kuzoa.

Siku tatu aibu ilimtafuna hata akawa anazunguka njia ya mbali kwenda kisimani, asipite kwa shemeji yake.

Jumatano kikundi kikakaa kikao. Clemence alisema alipulizia saa kumi na mbili jioni, kama alivyofundishwa. Aliulizwa nani alimwona, akakosa shahidi. Wakaamua asiguse bomba la kikundi msimu mzima, na amchongee Getrude mizinga minne mipya badala ya ile iliyoingia sumu. Ikabaki mwenyekiti aitamke hukumu.

Raimundi akasimama.

“Kosa hili,” alisema, “ni langu mimi.”

Maneno yaliyobaki yalikuwa yamemfika kooni, kwamba alipulizia saa tatu asubuhi, kwa bomba lake mwenyewe. Lakini Walburga, katibu wa kikundi, akamwahi. Akawaambia watu wamtazame kiongozi, mwanafunzi amekosea na mwalimu anajibebesha lawama. Watu wakapiga makofi. Getrude akafuta macho kwa upindo wa kanga.

“Shemeji,” alisema, “usijitwishe mzigo usio wako.”

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja tu lingetosha, jamani! Lakini makofi yale yalimwingia mwilini, yakamtuliza, na Mungu amsamehe, yalimpendeza. Akaketi. Hukumu ikabaki vilevile.

Nje alimkuta Clemence anamsubiri mlangoni. Raimundi alijua yamemfika, kijana amekwisha kung'amua kila kitu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Clemence akampa mikono yote miwili, akakunja goti kidogo.

“Shikamoo, baba,” alisema. “Wote mle ndani, ni wewe peke yako uliyenitetea. Sitakusahau.”

Raimundi alimtazama kijana yule, aliyekuwa na mizinga minne ya kuchonga kwa kosa asilolitenda. Watu walikuwa wanatoka, wanapita karibu, wanasikiliza.

“Marahaba, mwanangu,” akajibu. “Siku nyingine ufuate saa.”