Filimbi ya Upande wa Pili

Kilichomtia Mzee Asadi kinyaa tangu siku ya kwanza ni kule kutafuna. Mkwewe Jumanne alitafuna korosho asubuhi, alitafuna mchana, alitafuna akiongea na alitafuna akiongeleshwa, mdomo wazi, kila kilichomo kinaonekana. Kijana alikuwa dereva wa lori, mtoto wa wakulima wa mihogo na mikorosho wa Ziwani, na safari ndefu zilimfundisha kutafuna ili asisinzie. Taya lake likazoea, halikujua tena kupumzika hata akiwa ukweni.

Adabu nyingine zote alikuwa nazo. Alikaa karibu na mlango, macho chini, hambishii baba mkwe neno hata akiambiwa kuwa mchana ni usiku. Lakini Mzee Asadi hayo hakuyahesabu. Alichokiona ni lile taya, ile harufu ya dizeli iliyobaki kwenye mkeka mgeni akishaondoka, na ile simu iliyopiga singeli kama sufuria zinazoporomoka ngazini. Singeli yeye hakuiita muziki. Aliiita tumbo la kuendesha. Alisema imewafukuza hata ndege. Siku hizi mtu unaamka Mikindani nzima kimya, halii ndege hata mmoja.

"Mwanangu ni mmoja tu," alimwambia mkewe, "na katika wanaume wote wa pwani hii, Zainabu akaniletea mashine ya kubangulia korosho."

"Wewe ulikuja kuniposa na kikohozi chako, ukimkoholea baba yangu usoni," alijibu Mwasiti. "Akavumilia."

Muziki, kwa Mzee Asadi, ulikuwa roki ndefu, ile wanayoiita progresivu: wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri, unabadili mwendo mara kumi, kinanda kinajibizana na gitaa, na mwimbaji unaweza kumngoja dakika tisa kabla hajafungua kinywa. Aliupata bandarini Mtwara mwaka 1979, akiwa karani kijana wa kuhesabu magunia. Mvua ilinyesha siku kumi na moja, na korosho hazipakiwi kwenye mvua, kwa hiyo meli ikakaa. Mhandisi wake, Mpolandi mwenye gramafoni, alimwona karani amelowa chapachapa akamwita ndani akauke. Wakasikiliza siku zote kumi na moja bila kuelewana lugha. Meli ilipoondoka, Asadi alibaki gatini na santuri kumi na nne mikononi. Mabaharia waliofuata wakamwongezea, mpaka kabati la nyumba yake ya mawe likajaa.

Sasa alikuwa na miaka sitini na minane, na wa kusikiliza naye hakuwepo tena. Rafiki yake Erasto, fundi umeme aliyekuwa akija kila Ijumaa alasiri, alikufa miaka mitatu iliyopita. Zainabu alishasema wazi kwamba kabati lile lingefaa vyombo. Na kwa jirani mmoja Mzee Asadi aliwahi kuona kwa macho yake mwenyewe santuri nzima imefunika mtungi wa maji, na kikombe kimewekwa juu yake. Siku ile alirudi nyumbani hakula. Alichokitafuta kabla ya kufa ni mtu mmoja tu wa kuzipokea santuri zile, akijua alichopokea.

Basi mtu mwenyewe alipokuja, alikuja anatafuna.

"Baba, nna ombi," alisema Jumanne Ijumaa moja, macho kwenye mkeka. "Njia ya kwenda Tunduru ni ndefu, na nyimbo zangu fupi. Sijabadili gia, wimbo umekwisha. Zainabu kaniambia baba una nyimbo za nusu saa nzima. Nnaomba unielekeze. Nianze na ipi?"

Nianze na ipi! Miaka mingapi Mzee Asadi alikuwa akilisubiri swali lile! Jibu lake alilitayarisha zamani. Mgeni huanzishwa na *Bustani ya Kioo*, albamu laini, nyimbo za dakika sita sita, sauti tamu. Akishaizoea hupewa *Farasi wa Shaba*, ile ya vinanda vitatu. Kisha, baada ya miezi, akiwa na subira, ndipo hufunguliwa mlango wa *Mnara wa Chumvi*. Majina hayo aliyatafsiri mwenyewe. Erasto alipitishwa njia hiyo masika nzima, na alipofika kwenye *Mnara* alilia.

Lakini huyu, na makombo ya korosho kidevuni? Njaa ya wimbo mrefu kwa sababu barabara ni ndefu, kana kwamba muziki ni kamba inayonunuliwa kwa mita? Mzee Asadi alihisi kichefuchefu cha kweli, kile kinachoanzia chini ya ulimi. Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi jina la *Mnara wa Chumvi*, kwa lugha yake ya asili ili kijana aweze kuitafuta kwenye simu.

"Anza na hii. Upande wa pili, wimbo mmoja, dakika ishirini na nne. Usirushe mbele. Usikate. Anayekata wimbo katikati ni kama anayeinuka kwenye sinia wenzake mikono bado imo. Na usitafune."

"Nashukuru sana, baba."

"Akatapike huko huko Tunduru," alisema Mzee Asadi mlango ulipofungwa.

Mwasiti alikuwa uani, anasikia yote, kwa maana katika nyumba ile wanaume walisikiliza muziki sebuleni, na yeye aliusikiliza akiwa uani na mapishi yake, nyuma ya pazia. Hakuna aliyemkaribisha ndani, na hakuna aliyemkataza.

"Umemfanyia ubaya," alisema kutoka nyuma ya pazia.

"Nimemkomoa."

Wiki tatu zikapita. Jumanne akarudi Ijumaa nyingine alasiri, na kabla hajakaa vizuri Mzee Asadi aliona kitu kipya usoni mwake kikamkera zaidi ya korosho. Kijana alikuwa na furaha.

"Baba, nimeusikiliza mara tisa."

"Mara tisa," alirudia Mzee Asadi kwa dharau.

"Mara ya kwanza nlidhani simu imeharibika. Zile ngoma, mtu anahesabu saba halafu anahesabu kumi na moja, nikasema hawa wamelewa. Mara ya tatu nikaanza kuujua kama ninavyoijua njia: hapa kona, hapa mteremko, hapa punguza. Lakini mwisho, baba!" Akasahau adabu, akainua macho. "Ile ngoma kubwa inapopiga mara ya mwisho, vyote vinanyamaza, inabaki filimbi peke yake. Nyembamba, inakwenda zake, kama mtu kaaga na hataki umsindikize. Siku ile nimeegesha lori Mangaka, nikashindwa kushuka."

Kulikuwa na jambo ambalo Mzee Asadi hakumwambia mtu. Filimbi ile ndiyo aliyoipenda kuliko kitu chochote ndani ya kabati, na kwenye santuri yake ilikuwa imekufa. Mwaka juzi, baada ya Ramadhani, aliweka upande wa pili, ngoma kubwa ikapiga, na filimbi haikuja. Ulikuja mkwaruzo tu. Aliibadili sindano, akaifuta santuri kwa kitambaa cha hariri, akajaribu tena na tena. Mwisho akakubali: kwa kupenda kwake, kwa kuipiga miaka arobaini na zaidi, sindano imeila filimbi, imeisaga mpaka mfereji ukabaki mtupu. Alijichukia. Tangu siku ile, ngoma kubwa ikishapiga, aliinyanyua sindano haraka, asisikie ule utupu.

Na sasa filimbi iko nzima, imo mfukoni mwa suruali yenye dizeli, inatembezwa Masasi na Mangaka na mtafuna korosho! Aliona karaha. Lakini hamu ilikuwa kubwa kuliko karaha.

"Iweke," alisema.

"Kwenye simu, baba?"

"Si ndiko iliko? Iweke. Anza pale karibu na mwisho."

Kukata wimbo kukaamriwa na aliyekataza. Jumanne akasogea, akaiweka simu juu ya kigoda baina yao, akaongeza sauti hadi mwisho. Kwa wasiwasi akatia korosho mdomoni bila kujijua. Uani Mwasiti alikuwa anakuna nazi, na mbuzi yake ikienda kwaru, kwaru, kwaru. Gitaa likapanda. Kinanda kikalijibu. Mzee Asadi alifumba macho, akakaza mikono magotini. Ngoma kubwa ikapiga.

Kimya.

Alisubiri. Akasubiri tena. Kisha akafumbua macho.

"Imekatika," alisema.

Jumanne alimtazama, mara moja tu, kisha macho yakarudi kwenye mkeka. "Ndiyo, baba. Chaji imekwisha."

Lakini kioo cha simu kilikuwa kinawaka, na ule mstari mwembamba unaoonyesha wimbo ulikuwa unatembea. Mzee Asadi aliuona. Akaona na kingine: taya la Jumanne lilikuwa limesimama. Kwa mara ya kwanza tangu aingie ukoo huu, kijana yule alikuwa na korosho mdomoni na haitafuni. Na uani mbuzi ilikuwa imenyamaza. Mwasiti alikuwa ameacha kukuna nazi.

Basi watu wawili walikuwa wanasikia kitu ndani ya nyumba yake, na yeye hakisikii.

Kinyaa kilichompanda safari hii hakikuwa cha korosho wala cha dizeli. Alisitiriwa. Dereva wa lori alimwonea huruma, akamdanganya kwa adabu, kama unavyomdanganya mgonjwa kwamba uso wake umenawiri. Alitamani kumfukuza. Badala yake akamwita mkewe.

"Mama Zainabu! Njoo."

Mwasiti akafunua pazia, mikono imejaa nazi.

"Santuri yangu ya *Mnara*. Upande wa pili. Imelika?"

Mkewe alimwangalia yeye, akaangalia simu, akamwangalia mkwe wao aliyetamani ardhi imfiche. Akavuta pumzi.

"Haijalika, Baba Zainabu. Filimbi imo. Ilikuwa inalia vilevile kila ulipoijaribu. Mimi naisubiri kila Ijumaa, ila wewe unainyanyua sindano."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili. Na ndege hawajahama. Wamejaa hapo nyuma, asubuhi wananiamsha. Na simu yako haijaharibika, inalia, wewe huisikii."

"Na hukuniambia!"

"Ulipokuwa unailaumu santuri ulikuwa unakasirika," alisema Mwasiti. "Nimeshakuzoea ukikasirika. Niliogopa ukijua ni masikio, utanyamaza. Nikaona bora kelele zako."

Mzee Asadi alinyamaza, kama alivyoogopewa. Alilitazama kabati lake. Miaka miwili alijilaumu kwamba ameiua filimbi, kumbe filimbi ilikuwa nzima, na kilichokuwa kinakufa ni yeye, kuanzia masikioni. Alijionea karaha kwa kila neno alilowahi kumtolea mtu aliyekata wimbo. Yeye ndiye aliyeukata, Ijumaa baada ya Ijumaa, pale pale penye utamu, mkewe akingoja nyuma ya pazia na chakula chake.

Akamgeukia mkwewe.

"Jumanne."

"Naam, baba."

"Nilikuanzisha vibaya. Kwa makusudi. Mgeni hapewi *Mnara wa Chumvi*. Nilitaka ikushinde."

"Haikunishinda, baba."

"Nimeona." Akainuka, magoti yakalia. Akafungua kabati, akaitoa santuri kwenye jalada lake lililochakaa, na badala ya kuiweka mwenyewe kwenye gramafoni akamnyooshea mkwewe. Tangu Mpolandi yule, hakuna mkono mwingine uliokuwa umeigusa, hata wa Erasto. Jumanne akaipokea, na kidole gumba chake chenye mafuta ya korosho kikatua katikati ya mifereji, doa kubwa linang'aa. Mzee Asadi aliliona, wala hakukifuata kitambaa cha hariri.

"Upande wa pili," alisema. "Tangu mwanzo. Mama Zainabu, nazi ingoje. Kaa."

Mwasiti akaifuta mikono kwa kanga, akakaa kwenye kiti cha Erasto. Hakuwahi kukikalia. Jumanne akashusha sindano, polepole mno kwa mtu aliyezoea usukani wa lori, kisha kwa adabu akauliza mahali pa kukaa.

"Kaa hapa mbele yangu. Una korosho?"

Kijana akaficha mkono mfukoni. "Samahani, baba. Ulinikataza."

"Tia mdomoni. Tafuna."

Jumanne hakuelewa, lakini baba mkwe habishiwi. Akatia kiganja kizima, akaanza, kra, kra, kra, mdomo wazi, kila kilichomo kinaonekana. Lilikuwa jambo la kuchukiza kabisa. Mzee Asadi akakivuta kiti chake karibu zaidi na lile taya, akalikodolea macho kwa dakika ishirini nzima, ngoma zikihesabu saba na kumi na moja, mwimbaji akija na kwenda. Hakupepesa. Kisha ngoma kubwa ikapiga, na kwake dunia ikawa kimya.

Kra, kra.

Taya likasimama.

Mzee Asadi akafumba macho, na mkono wake mmoja, taratibu, ukaanza kuifuata filimbi.