Milio Ishirini

Zahor bin Marhoon hakuwa mtu wa kuchezewa shere, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Mwaka wa kumi na tisa huo wa kazi alikuwa mwamuzi wa uwanja wa shabaha wa klabu moja nje kidogo ya Maskati, chini ya vilima visivyo na hata jani, na kazi yake ilikuwa kuhesabu milio. Wapigaji wanafyatua, yeye kakaa nyuma yao na daftari pajani, kila mlio anachora kijiti kimoja. Uwanja ukifungwa, Thabit wa stoo anataja risasi alizotoa, Rufus analeta ndoo ya maganda ya risasi aliyookota mchangani, Zahor anasoma vijiti vyake. Hesabu tatu zikilingana, watu wanakwenda kwao.

Wapo waliomcheka kwa hesabu yake ya masikio. Basi walikuwa wakikipata cha moto. Atakwambia, tena kwa ukali, kwamba mtu mwenye ganda kuukuu mfukoni anaweza kulitumbukiza ndooni na kuondoka na risasi nzima, na stoo na ndoo zikakubaliana vizuri tu. Anayemuumbua ni sikio. Ndiyo maana hakukubali hata siku moja kuvaa vile vikombe vya kuziba masikio walivyovaa wenziwe wote.

"Mimi nnalipwa kusikia," alikuwa akisema.

Mwaka tisini na nane klabu ikaagiza mifuko. Ni vifuko vya turubai jeusi, vinafungwa ubavuni mwa bunduki, ganda likiruka linadakwa humo humo. Rufus, Mkenya wa Kakamega aliyekuwa mwaka wa nne anainama juani, alifurahi wee. Kazi yake sasa ikawa kufungua zipu na kumwaga maganda ndooni.

Wiki haikwisha, mambo yakaharibika. Stoo ilitoa risasi sitini, maganda yakaja sitini, lakini Zahor alikuwa na milio hamsini na nne. Siku ya pili yake risasi arubaini, maganda arubaini, milio thelathini na sita. Damu ikamchemka. Risasi kumi nzima zinatembea mjini, na mtu anajaza maganda ya zamani kuziba pengo. Na mifuko anaifungua nani? Rufus.

Akaanza kumchunguza. Aliona suruali yake ina mifuko mingi mno kwa mtu mwenye mshahara ule. Aliona kila adhuhuri anakwenda nyuma ya ukuta na furushi. Na zaidi ya yote, Rufus siku hizi alizungumza chini chini, na mtu anayezungumza chini chini ana lake jambo.

"Haya maganda umeyatoa wapi?" alimuuliza mbele ya watu.

"Kwa mfuko, mzee. Mimi nafungua zipu tu."

"Sema uzuri, usinimumunyie maneno."

Akalifungua lile furushi mwenyewe, akalimwaga juu ya meza. Ugali wa baridi, Biblia, barua ya mkewe Jemimah. Risasi hakuna. Nayo hiyo ikamzidishia shaka, maana Zahor aliona mtu wa haki hawi msafi kiasi hicho.

Jumatano akampelekea habari Ghanim, mkubwa wa klabu. Ghanim akamwambia Rufus akae chumbani kwake Darsait mpaka Jumamosi, atakapokabidhiwa polisi. Pasipoti yake ilikuwa kabatini klabu, hakuwa na pa kwenda. Wizi wa risasi si jambo la kukaripiwa ukasamehewa. Ni jela ya miaka, kisha ndege ya kurudi kwao.

Ijumaa baada ya sala Zahor alimchukua Thabit uwanjani. Alitaka ushahidi wa kuwafunga polisi mdomo: bila ya Rufus, hesabu itakaa sawa. Thabit akajaza risasi ishirini, akafunga mfuko, akapiga. Zahor akachora vijiti, kisha akafungua zipu kwa mkono wake mwenyewe.

Vijiti kumi na tano. Maganda ishirini.

"Umetia wewe," akamwambia Thabit.

"Nitie nini, Zahor? Si unaniona?"

Wakarudia bila ya mfuko. Maganda yakaruka yanametameta juani, moja moja, na Zahor akapata ishirini kamili. Akashusha pumzi. Kisha likamjia wazo. Akamwambia Thabit apige tena vile vile, ila safari hii alifumba macho.

Kumi na nne.

Alikaa pale kitini. Hakujua tangu lini alikuwa akihesabu kwa macho na kudhani anasikia. Aliogopa, aliogopa hasa, maana mtu wa kuhesabu milio asiyesikia klabu itamweka wa nini?

Thabit akamsogelea karibu. "Umebakisha miaka miwili pensheni yako itimie. Hapa tupo wawili tu. Rufus kijana, atapata kazi kwao."

"Baada ya jela."

Thabit akainama kuokota maganda. Zahor alimchukia kwa maneno yale, na alimchukia zaidi kwa kuwa yeye mwenyewe alishayawaza.

Akaendesha gari mpaka Qurum, nyumbani kwa Ghanim, akaliweka daftari mezani. "Rufus hajaiba kitu. Mimi nshakuwa kiziwi." Ghanim alimuuliza mara mbili kama ana hakika, akamfanya aandike na kutia saini. Kisha akamwambia kesho asije kazini.

Kutoka hapo akenda Darsait. Chumba cha Rufus kilikuwa juu ya karakana ya seremala. Rufus alifungua mlango amevaa viatu, sanduku limefungwa kitandani, macho mekundu ya siku mbili bila usingizi.

"Nimekukosea," Zahor akasema. "Ni masikio yangu. Ghanim anajua. Uko huru."

 Rufus akamgeuzia mgongo, akaelekea dirishani, akaanza kusema. Alisema juu ya furushi lililomwagwa mbele ya watu, alisema juu ya Jemimah na watoto, akaendelea muda mrefu bila kugeuka. Zahor alisimama mlangoni kofia mkononi. Nusu ya maneno hakuyapata, wala hakuomba ayarudie. Aliyoyasikia yalimtosha.