Mahindi ya Noela

Kinyoya kilivuka wavu, kikaelekea kona ya nyuma ya uwanja. Noela akakikimbilia, akakipiga vizuri, kisha akabaki palepale akikisindikiza kwa macho. Kiliporudishwa kona ya mbele, alikuwa mbali nacho. Wenzake wakaangua kicheko.

"Rudi katikati!" Mwalimu Walburga alifoka hadi koo likakauka. Alikwisha kuchora mistari ya chaki, akapanga vifuniko vya chupa, akawafundisha hatua zote za mpira wa vinyoya kama alivyofundishwa yeye kwenye mafunzo. Wote walishika, isipokuwa huyu. Na mashindano ya shule za Songea yalikuwa yamebisha hodi.

Jumamosi alikwenda Msamala, moyo mzito, kumwambia mama yake Noela kwamba binti ameachwa nje ya timu. Uani alimkuta Noela akilinda mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, fimbo mkononi, kuku wamemzingira pande zote.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Noela, jicho likiwa kwa jogoo.

Akimfukuza tetea wa kona hii, anarudi katikati. Jogoo akinyemelea kona ile, keshafika, keshamtimua, yupo katikati tena. Kuku aliyekwisha kukimbia, Noela hakumtazama mara ya pili. Walburga naye alikulia Matogoro, na fimbo kama hiyo aliishika sana utotoni. Aliona aibu na furaha kwa pamoja.

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono. "Karibu, mwalimu. Huyu kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, mama. Nimekuja kuwaangalia kuku wenu."

Siku ya fainali, seti ya mwisho, Noela alikuwa nyuma kwa pointi, na miguu ikaanza tena kuganda kona ya nyuma. Walburga akasimama.

"Noela! Mahindi yanaliwa!"

Watazamaji wakacheka. Noela hakucheka. Akarudi katikati. Akaenda mbele, akarudi, kushoto, akarudi. Mpinzani wake, msichana mrefu aliyezoea kushinda, alitafuta pa kupenyeza asipate. Pointi zikalingana, Noela akapita, na hatimaye yule msichana, pumzi zimemwishia, akakipiga kinyoya wavuni.

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Walimu walikumbatiana, wanafunzi wakarusha masweta juu, na Walburga akalia mbele za watu wala hakujali.

Noela alikuwa hajasikia kitu. Alikuwa amerudi katikati, magoti yamekunjwa kidogo, raketi juu, akingoja.