Simu ya Saa Nne

Mtunza mashine alikuwa na kompyuta kumi na mbili, feni moja na simu ya mezani. Kompyuta hizo ziliunganishwa zikafanya kazi kama moja, na zilitumikia mabwana wawili. Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, aliyezipa kazi za jumla: kupekua rekodi za wagonjwa wote wa hospitali, miaka nenda miaka rudi, na kutoa ripoti ambazo sijui nani alizisoma. Wa pili lilikuwa dirisha la maulizo huko chini. Pale mtu akiuliza mgonjwa wake yuko wodi gani, jibu lilitakiwa litoke kabla hajamaliza kujifuta jasho.

Kanuni ilikuwa nyepesi. Kazi za jumla zisubiri jioni, dirisha likishafungwa, maana zikianza asubuhi huvamia kompyuta zote na dirisha hukwama.

Miaka mitatu nyuma alianzisha moja ya kazi hizo asubuhi kwa bahati mbaya. Simu ikalia.

"We kaka wa juu! Umeshatukaba koo. Watu wamejaa hapa, wananitolea macho mimi!"

Alikuwa dada wa dirishani, ambaye mtunza mashine hajawahi kumwona. Akasimamisha kazi, akaomba radhi, kisha akacheka peke yake. Tangu mkewe afariki hakuna aliyekuwa amemgombeza, na alikuwa ameanza kujiuliza kama bado yupo.

Jumatatu iliyofuata, saa nne kamili, akaianzisha tena. Tusidanganyane, hiyo haikuwa bahati mbaya. Ikawa ndiyo ada yake. Dakika mbili, tatu, simu inalia.

"Kaka, una nini na mimi lakini?"

"Nisamehe, dada. Mkono umeteleza."

"Mkono gani huo unateleza kila Jumatatu? Umeupaka mafuta?"

Siku moja dada alimuuliza kama amekula. Swali hilo alitembea nalo mwezi mzima. Kuhusu waliopanga foleni chini, alijipa moyo kwamba dakika tatu hazimdhuru mtu.

Jumatatu iliyopita dada hakugomba. "Nimeshakuzoea, kaka," alisema. "Haya, ubaki salama." Naye akaitika tu, kama anavyoitika siku zote.

Leo akaianzisha, akavuta kiti, akasafisha koo. Dakika tatu zikapita. Tano. Akanyanyua mkono wa simu, mlio upo. Kumi. Kitufe kimoja kingetosha kuisimamisha kazi, lakini akiisimamisha, dada atapiga simu ya nini? Dakika ya ishirini na tano akashuka ngazi.

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mbele kabisa alisimama mzee mwenye chupa ya chai kwapani.

"Namtafuta mke wangu," mzee alimwambia, bila kuulizwa. "Wamemhamisha wodi. Naambiwa tusubiri mashine."

Nyuma ya kioo alikaa mwanamume mgeni mwenye tai.

"Dada wa hapa yuko wapi?"

"Yule mama? Kastaafu Ijumaa. Tulimkatia na keki."

"Sasa mbona hukupiga simu juu?"

"Juu kuna mtu?" mwenye tai alishangaa. "Mimi najua kuna mashine tu."

Alipanda ngazi mbilimbili, akaisimamisha kazi. Halafu akafanya jambo alilolijua tangu siku ile ya kwanza: akazigawa kompyuta. Nane za dirisha, hakuna wa kuzigusa. Nne za kwake. Ilimchukua dakika kumi. Kisha, kwa mara ya kwanza, akapiga yeye simu chini.

"Yule mzee wa chupa ya chai?"

"Ameshapata, ameondoka mbio. Alitaka amwone mkewe kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji."

"Amewahi?"

"Hapo sijui."

Akakaa na mkono wa simu sikioni muda mrefu baada ya mwenzake kukata. Aliona aibu, na hakuwa na wa kumwambia.

Jumatatu iliyofuata, saa nne kamili, alianzisha kazi kubwa kuliko zote kwenye kompyuta zake nne. Chini majibu yalitoka upesi, watu wakaenda kwa wagonjwa wao. Yeye alikaa kando ya simu mpaka dirisha likafungwa.