Mwezi wa Maji ya Moto

Karibu mwaka mzima nilikutana na Capitoline kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na sikutambua kwamba kila alipokuja alikuwa ameongeza jambo moja juu ya yale aliyokuja nayo mara iliyopita. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, niliyefunzwa chuo kikuu kuyatambua majeraha ya watu waliokimbia vita. Niliyatazama majeraha hayo kwa bidii, na sikutazama kitu kingine.

Ilikuwa mwaka 1997. Mwaka uliotangulia Capitoline alikuwa amevuka ziwa kutoka Burundi akiwa na Kaneza, binti wa marehemu kaka yake, mtoto wa miaka sita. Walipokelewa Simbo na Bonifasi, jamaa yao aliyekimbilia huko tangu 1972. Capitoline akalala mkekani asiinuke. Hakuoga, hakula ila kwa kusihiwa, hakuitikia aliposalimiwa. Kaneza naye akadhoofu, mpaka akachukuliwa na kupelekwa katika nyumba ya watoto iliyokuwa Bangwe, karibu na ufuko. Kamati yetu ikaamua kwamba shangazi amtembelee mara moja kwa mwezi, na kwamba mwishoni mwa mwaka tutoe uamuzi. Endapo angeonekana hawezi kulea, mtoto angekwenda kwa familia moja ya Dodoma iliyokwisha kumwomba.

Maswali yangu hayakubadilika. Unalala? Unaota ndoto za kutisha? Bado unalia? Capitoline alinijibu kweli tupu, na kweli ilikuwa kwamba bado analia. Nilipomaliza naye, alikwenda kuketi na mtoto juu ya mawe ya ufukweni, wakanong'onezana kwa Kirundi. Niliamini wanawazungumzia wafu wao.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni Leonida, mlezi wa nyumba ile, Mha ambaye hakuhitaji mkalimani ili asikie Kirundi. Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza.

"Wale hawaombolezi, dada Aikande," aliniambia. "Wale wana mchezo wao. Mtoto anauliza, 'Masenge, mwezi huu umeanza nini?' Shangazi anataja. Kisha mtoto anamhoji ya nyuma yote, utadhani mkaguzi wa shule."

"Ya nyuma yapi?"

"Alianza na kunawa uso kabla jua halijafika mlangoni. Mwezi uliofuata, kuitikia salamu. Kuna mwezi wa kula na wenzake, si kujifungia na sahani. Kuna wa kuongea Kiswahili sokoni, hata kama watamcheka. Sharti la mtoto ni kwamba jipya likiingia, la zamani halitoki. Mwezi wa Pasaka alishindwa, akarudi mkekani. Kaneza akamwambia arudie."

"Akarudia?"

"Angefanyaje? Yule mtoto hana huruma hata kidogo."

Nilipeleka habari hiyo kwa Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa kamati, mtu wa Ujiji aliyestaafu kazi za bandari. Hakuonyesha kuvutiwa.

"Binti yangu," akasema, "hata mimi kila Ramadhani ni mtu mwema sana. Mtu mwema unamjua Ramadhani ikishapita. Twende Simbo siku ambayo hatungojewi."

Tulikwenda siku ya kazi, alasiri. Agnesi, mke wa Bonifasi, alikuwa uani akimenya mihogo. Capitoline yuko shambani, alisema.

"Hali yake?" Mzee Mwinshehe akauliza.

"Amepona kupita kiasi, mzee. Ananiamsha mimi. Anasalimia wapita njia wote, na juzi nimemsikia akimsalimia mbuzi." Kisha akapunguza sauti. "Ila kuna hili la maji. Kila jioni anachemsha maji ya kumwogesha Kaneza. Anayamimina kwenye beseni, anayapima kwa kiwiko, anaweka khanga kavu pembeni. Na Kaneza mwenyewe hayupo. Basi anawaogesha wanangu."

Elimu yangu ilikuwa na jina kwa mtu anayemwandalia asiyekuwapo, na jina hilo, likiingia katika taarifa, lingempeleka mtoto Dodoma. Mzee Mwinshehe alinitazama akingoja nilitamke.

Capitoline akatokea na mzigo wa kuni kichwani. Aliutua, akatusalimu kwa Kiswahili kilichonyooka: shikamoo kwa mzee, shikamoo kwangu, ingawa tulikuwa takriban rika moja.

"Capitoline," nikamwambia, "yule unayemchemshia maji ni nani?"

"Kaneza."

"Huwa unamwona hapa?"

Alinitazama kwa mashaka, kana kwamba sasa yeye ndiye aliyekuwa na wasiwasi na afya yangu. "Nitamwonaje, mama? Si mmemweka Bangwe?"

"Sasa maji ni ya nini?"

"Huu ni mwezi wa maji. Mimi sikuwahi kulea. Sikujua niende kuni saa ngapi, wala kwamba kuni zikilowa moto hauna haraka. Mwanzoni yalichelewa, giza likaingia hayajapata moto. Siku nyingine yakawa makali, angeungua. Nilitaka nikosee wakati hayupo."

Sikuwa na swali jingine ila lile nililolizoea. "Bado unalia?"

"Nalia, mama. Nalia njiani nikienda kuni. Nikirudi, kuni ninazo."

Mzee Mwinshehe aliomba kigoda. "Tukae tuone," akasema. Tukakaa. Capitoline hakujishughulisha nasi. Alipasua kuni, akapuliza moto, akainua sufuria, na jua lilipokuwa bado juu ya vilima beseni lilikuwa tayari. Mzee alikunja mkono wa kanzu, akatumbukiza kiwiko, akakiacha humo.

"Mimi nimemaliza," akaniambia. "Umebaki wewe."

Nikatamka mbele ya wote kwamba Kaneza arudi kwa shangazi yake. Agnesi akapiga vigelegele ambavyo vilimtoa Bonifasi ndani na majirani majumbani mwao. Capitoline hakulia. Aliniuliza ni siku gani hasa, ili ajue kuni zianikwe lini.

Jumamosi hiyo Leonida alimleta. Kaneza alikagua nyumba nzima kabla ya kukubali kukumbatiwa, akauliza la Februari, akauliza la Agosti, na shangazi akajibu yote akiwa amesimama wima, watu wakiwacheka na kuwashangilia kwa pamoja. Kisha akaogeshwa, akapiga maji mateke mpaka Mzee Mwinshehe akalazimika kuhamisha kigoda.

Familia ya Dodoma ilipewa jibu. Januari Kaneza alianza darasa la kwanza pale Simbo, nami tangu mwezi huo nikaacha kuwauliza watu ninaowahudumia bado wanaumwa nini kabla sijawauliza wameanza kufanya nini.