Teke la Luseno

Luseno alifundisha karate katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa Tena jijini Nairobi, kwa miaka kumi na mmoja, na kilichompa sifa ni teke lake la kuangusha kisu mkononi mwa adui. Ukumbini halikushindwa hata siku moja. Mwezi uliopita, katika mtaa jirani wa Donholm, jambazi alimtolea kisu cha kweli. Luseno akarusha teke. Yule mtu akarudisha tu mkono nyuma, kisha akamchoma paja. Luseno alivuja damu akafa kabla ya kufikishwa hospitalini.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, wanafunzi walimwomba mjane wake, Ayuma, aendeleze mafunzo, maana naye alifunzwa na mumewe. Alikubali kwa kukosa nguvu za kukataa. Tangu msiba hakuwa amelia.

Alimkabidhi Marion, mwanafunzi wa siku nyingi, kisu cha mbao.

"Nichome. Usinisubiri kama mlivyokuwa mkimsubiri mwalimu."

"Mama, nitakuumiza."

"Nichome."

Ayuma akarusha teke, mbao ikamgusa tumboni. Akarudia, ikamgusa shingoni. Mara ya tatu ikawa ubavuni. Alingoja uchungu umpande, au hata hasira, lakini hakusikia kitu, kama mtu aliyekalia mguu hadi ukafa ganzi.

"Kwani mwalimu alitudanganya?" Marion akauliza.

"Hapana. Aliliamini teke lake." Ayuma akachukua kisu mkononi mwa Marion, akakiweka chini. "Mtu akikutolea kisu, mpe anachotaka, ukimbie. Twendeni uwanjani tukajifunze kukimbia."

Wakatoka wote, wakakimbia mpaka saa sita mchana, Ayuma akiwa mbele.